Maswali yenu: kusoma visa vya watoto walioteswa nyumbani

Makala yetu iliyopita ilimhusu Victoria Climbié, mtoto wa miaka 8 kutoka Ivory Coast aliyefariki London mwezi Februari 2000 kwa mateso ya shangazi wa baba yake na mwanamume aliyeishi naye, ambao wote wawili walifungwa maisha. Barua zenu zimekuwa nyingi.

*Nilisoma hadi mwisho bila kutoa chozi. Je, nina moyo mgumu?*

Hapana. Wengi husoma visa hivi kwa hofu zaidi kuliko kwa udadisi, na hofu haina machozi.

*Iliwezekanaje mtoto afikishwe hospitali kisha arudishwe kwa watesi wake?*

Julai 1999 alilazwa mara mbili ndani ya siku chache, na mara ya kwanza daktari aliamua kwamba alama za mwilini zilitokana na upele, neno ambalo likishaandikwa kwenye faili kila ofisi huliegemea badala ya kumtazama mtoto upya. Waandishi hupenda kutaja majeraha 128 yaliyohesabiwa baada ya kifo chake. Mimi hunitisha zaidi ripoti ya mwaka 2003 ya Lord Laming, aliyeongoza uchunguzi wa umma kuhusu kifo hicho, inayoonyesha kwamba nafasi zisizopungua 12 za kumwokoa zilipotea. Wazazi wake walimkabidhi kwa ndugu ili akasome, desturi ambayo kwetu pia ni ya kawaida, na mara nyingi ni ya heri, ndiyo maana hatuoni haja ya kuuliza mtoto anaendeleaje huko aliko. Kama una muda wa kusoma kitu kimoja tu, soma ripoti hiyo, uache picha.

*Nililelewa kwa kipigo. Nikisoma habari hizi naota ndoto mbaya. Nijikaze?*

Usijikaze, dada yangu. Acha kusoma, na hudaiwi maelezo na yeyote. Ndoto zikiendelea hata baada ya kuacha, mwone mshauri nasaha.

*Mtoto wa jirani hulia kila usiku. Nisubiri ushahidi?*

Usisubiri. Nchini Kenya na Tanzania namba 116 hupigwa bure. Eleza ulichosikia, siku na saa, na uchunguzi uwaachie wenye kazi hiyo. Aliyempeleka Victoria hospitali mara ya kwanza alikuwa binti wa mama aliyelipwa kumlea mchana: aliona majeraha, akamshika mkono wakaenda.