Kubo, kutoka La Masia hadi San Sebastián: majibu ya maswali yenu

Tangu tuanze kuzungumzia mawinga wa La Liga, hakuna jina lililoulizwa kama la Takefusa Kubo, yule Mjapani wa mguu wa kushoto anayekipiga Real Sociedad, klabu ya San Sebastián huko Hispania. Maswali yaliyofanana nimeyaunganisha, marefu nimeyafupisha. Aliyeuliza kama Kubo na Kaoru Mitoma, winga mwingine wa Japani, ni ndugu, jibu ni hapana.

Kaka, nasikia huyu alilelewa Barcelona tangu mtoto. Waliwezaje kumwachia? (Msomaji, Morogoro)

Hawakumwachia kwa kupenda, ndugu yangu. Walibanwa na kanuni waliyoivunja wenyewe.

Kubo alizaliwa Kawasaki, Juni 4, 2001. Akiwa na miaka minane aling'ara kwenye kambi ya mazoezi ya watoto iliyoendeshwa na Barcelona hukohuko Japani, na mwaka 2011 wakamchukua La Masia, akademi yao ya vijana, akiwa na miaka kumi. Mama yake akahama naye.

Sasa, FIFA hairuhusu klabu kumsajili mchezaji wa chini ya miaka 18 kutoka nchi nyingine, ila kwa sababu chache. Mojawapo ni wazazi wawe wamehama kwa shughuli zao ambazo hazihusiani na mpira. Mzazi akihama kwa sababu mwanawe kapata akademi, hiyo haihesabiki. Aprili 2014 FIFA ikatangaza kuifungia Barcelona madirisha mawili ya usajili kwa kosa hilo, na adhabu ikatumikiwa 2015. Kwa watoto wenyewe maana yake ilikuwa hivi: mazoezini unakuja, siku ya mechi unakaa jukwaani kutazama wenzako. Kubo alikuwa mmoja wao, na Lee Seung-woo wa Korea Kusini mwingine. Mwaka 2015 Kubo akafunga mizigo, akarudi Japani na kuingia akademi ya FC Tokyo.

Kanuni yenyewe siilaumu. Tunawajua vijana wa Kiafrika waliotelekezwa Ulaya na mawakala matapeli, na kama si kizuizi hicho wangekuwa wengi zaidi. Ninacholalamikia ni mgawanyo wa maumivu: klabu ilikosa madirisha mawili, mtoto alikosa mechi za umri ambao haurudi. Na Barcelona hawakuwa peke yao, kwani mwaka 2016 rungu hilohilo liliwashukia Real Madrid na Atlético.

Kurudi Japani hakukumpotezea muda? (Msomaji, Kisumu)

Kulimsaidia, tena sana. Novemba 2016, akiwa na miaka 15 na miezi mitano, alicheza ligi ya daraja la tatu na kikosi cha vijana cha FC Tokyo, akaweka rekodi ya kuwa mchezaji mdogo kuliko wote kuwahi kucheza J.League, yaani ligi ya kulipwa ya Japani. Aprili iliyofuata akafunga bao, rekodi nyingine. Alikuwa anagongana na wanaume wazima wakati wenzake wa La Masia wanacheza na rika lao. Mwaka 2018 alipelekwa Yokohama F. Marinos kwa mkopo, akarudi, na nusu ya kwanza ya 2019 alikuwa moto kweli. Juni hiyohiyo akaitwa timu ya taifa na kusajiliwa Real Madrid. Ndiyo, Madrid. Barcelona waliomlea walibaki wanatazama.

Kwa Madrid alicheza mechi ngapi za mashindano? (Msomaji, Mwanza)

Sifuri.

Alionekana kwenye mechi za kirafiki za 2019, watu wakashangilia, basi. Tatizo kubwa lilikuwa nafasi. La Liga inaruhusu wachezaji watatu tu wa nje ya Umoja wa Ulaya katika kikosi cha mechi, na Madrid nafasi hizo zilikaliwa na Wabrazili: Vinícius, Rodrygo na Militão. Vinícius alipata uraia wa Hispania Septemba 2022. Kubo alikuwa ameshaondoka Julai.

Je, Mtanzania au Mkenya akienda La Liga naye anakula nafasi hizo tatu? (huyohuyo wa Mwanza)

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa hapana. Kulikuwa na mkataba wa Cotonou kati ya Umoja wa Ulaya na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki (tangu 2024 nafasi yake imechukuliwa na mkataba wa Samoa), na chini yake wachezaji wa nchi zilizomo walikuwa hawahesabiwi kama wageni huko Hispania. Tanzania na Kenya zilikuwamo. Japani haikuwamo. Kwa hiyo Kubo alipanga foleni ambayo kijana wa Kisenegali hakulazimika kuipanga. Mawakala wa kwetu wangeisoma vizuri hii.

Mallorca, Villarreal, Getafe, kisha Mallorca tena. Huyu si alikuwa kituko tu? (Msomaji, Dodoma)

Usiwe mkali hivyo. Kote huko alipelekwa kwa mkopo na Madrid. Mallorca ya kwanza, 2019-20, alicheza mechi 35 za ligi na kufunga mabao manne akiwa na miaka 18 katika timu iliyoshuka daraja. Huo ni msimu mzuri kwa kijana.

Kosa lilikuwa Villarreal. Karatasini palionekana pazuri: timu kubwa zaidi, mashindano ya Ulaya, kocha Unai Emery. Uwanjani alisugua benchi, mechi 13 za ligi akaanza mbili tu. Januari 2021 akahamishiwa Getafe, kwa kocha José Bordalás, ambaye soka lake ni mieleka yenye mpira ndani yake. Winga wa chenga na pasi fupi afanye nini pale? Hata hivyo Mei aliwafungia bao la ushindi dhidi ya Levante lililowabakiza ligi kuu. Aliporudi Mallorca akaumia goti na msimu ukavunjika vipandevipande.

Klabu kubwa ikikumiliki, jina lako linapanda bei huku dakika zako zinashuka. Kubo alikula miaka mitatu ya hali hiyo.

Real Sociedad walimfanyia nini mpaka akabadilika? (wasomaji watatu, Dar es Salaam, Nairobi na Muscat)

Walimpa kazi. Nakumbuka mechi yake ya kwanza, Agosti 14, 2022, ugenini Cádiz. Mikel Merino anainua pasi juu ya mabeki, Kubo kashakimbia nyuma yao, anatuliza, anafunga. Moja bila, mechi imekwisha. Hakuwa winga siku hiyo. Kocha Imanol Alguacil alimweka mbele karibu na straika, nyuma yake kuna David Silva na Merino wenye macho ya kumwona. Mtu aliyekuwa akipokea mpira kwenye mstari wa pembeni, mgongo kwa goli, sasa anaupokea akitazama kipa.

Baadaye alirudishwa winga ya kulia, anaingia ndani na mguu wake wa kushoto, lakini tayari alishazoea kukimbilia nafasi bila mpira. Msimu huo alifunga mabao tisa ya ligi, na kila mechi aliyofunga timu ilishinda. Mojawapo ilikuwa debi ya Wabasque dhidi ya Athletic Bilbao, 3-1, Januari 2023. Nyingine ilikuwa Mei, dhidi ya Real Madrid: Militão anarudisha mpira kwa Courtois, pasi fupi mno, Kubo anauwahi na kuusukuma kwenye goli tupu. Militão, mmoja wa wale watatu! Mpira una mambo yake.

Walimaliza nafasi ya nne, wakaingia Ligi ya Mabingwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi, wakaongoza kundi lenye Inter, Benfica na Salzburg kabla ya kutolewa na PSG katika 16 bora. Silva aliumia goti kabla msimu haujaanza, akastaafu, na Kubo akabaki kuwa yule ambaye mabeki wawili wanatumwa kumkaba.

Mbona mabao yameanza kupungua? Messi wa Japani gani huyu? (Msomaji, Arusha)

Tisa, kisha saba, kisha matano msimu wa 2024-25, uliomalizika Sociedad wakiwa wa 11. Timu iliuza watu: Merino akaenda Arsenal, Robin Le Normand Atlético. Anayempelekea mpira akiondoka, winga anaanza kushuka katikati kuutafuta mwenyewe, na goli linakuwa mbali. Lakini nakubali kwamba pasi ya mwisho na shuti la mwisho vinamwangusha mara nyingi kuliko inavyostahili kwa mtu wa kipaji chake. Hilo jina la Messi alibandikwa akiwa mtoto, na hajawahi kucheza kama Messi. Yeye ni winga teleza mwenye akili, inatosha.

Ni kweli alilia kwenye Olimpiki? (Msomaji, Zanzibar)

Kweli, na hadharani. Michezo ya Tokyo, 2021, alifunga katika mechi zote tatu za makundi: Afrika Kusini, Mexico, Ufaransa. Kisha Hispania wakawatoa nusu fainali kwa bao la Asensio katika muda wa nyongeza, na Mexico wakawanyima shaba, 3-1. Alianguka chini akalia kama mtoto.

Wajapani wanafikaje Ulaya kwa wingi vile? Sisi tunakosa nini? (Msomaji, Mbeya)

Njia ya Kubo si ya kawaida kwao. Wengi hupita Ubelgiji. Klabu ya Sint-Truiden inamilikiwa na kampuni ya Kijapani ya DMM, na hapo wamepita Wataru Endo, Tomiyasu na Kamada. Mitoma aliazimwa Union Saint-Gilloise kabla ya kuichezea Brighton. Junya Ito alitua Genk mapema 2019 na kubeba ubingwa akiwa na Mbwana Samatta wetu. Mlango ni uleule, ila wao wameununua. Na tusiwadharau watu wetu: Mkenya Michael Olunga alienda Japani, akafunga mabao 28 msimu wa 2020 na kuwa mchezaji bora wa ligi yao.

Kubo au Mitoma? Jibu moja tu. (Msomaji, Bujumbura)

Kumpita beki mmoja kwa mmoja, Mitoma. Mechi imebana na imebaki dakika chache, mpe Kubo. Machi 20, 2025, Saitama, Japani dhidi ya Bahrain: alimtengenezea Kamada bao la kwanza, kisha dakika ya 87, wakati kila mtu anasubiri krosi, akapiga mwenyewe kutoka pembe finyu kabisa. Mbili bila, na Japani ikawa ya kwanza kufuzu Kombe la Dunia 2026 ukiacha wenyeji.