Isome karatasi kabla hujafungua pochi

Kila mgeni anayekuja kwangu kuuliza habari za kukusanya vitu vya jeshi la Ujerumani huanza na nishani. Anataka Msalaba wa Chuma. Namwelewa, maana hata mimi nilianzia huko. Lakini misalaba hiyo iligawiwa kwa mamilioni katika vita vikuu viwili, na wa kawaida ukiugeuza huoni jina la mtu nyuma yake. Hujui ulikaa kifua cha nani. Hati iliyotolewa pamoja nao ina jina, cheo, kikosi, tarehe, muhuri na sahihi ya mkuu wa kikosi. Mimi nishani niliziacha zamani. Naishi Hamburg, na kwa miaka mingi Jumamosi zangu zimeishia kwenye masoko ya mitumba na minada midogo, nikipekua maboksi ya karatasi ambazo wajukuu hawazitaki tena. Haya ndiyo ningependa mtu angeniambia mapema.

Kwanza, jua karatasi gani ni ipi. Kitabu cha mshahara, ambacho jaladani kimeandikwa Soldbuch, ndicho askari alichotembea nacho mfukoni kila siku. Kilikuwa kitambulisho chake, na alikionyesha akipokea mshahara, akilazwa hospitali au akienda likizo. Pasi ya jeshi, yaani Wehrpass, alipewa alipoandikishwa. Siku ya kuitwa kikosini aliikabidhi kwa kombania yake na kupokea kitabu cha mshahara. Akiachishwa jeshi, vilibadilishwa tena. Akifa vitani, pasi ilipelekwa kwa familia yake.

Utaratibu huo ukiujua, tayari una silaha. Ndiyo sababu pasi za waliouawa vitani zinapatikana kwa wingi, huku vitabu vya mshahara vya waliouawa vikiwa adimu zaidi, kwa kuwa vingi vilipotea pamoja na wenyewe. Muuzaji akikuonyesha kitabu cha mshahara na kukuambia mwenyewe alifia Stalingrad, mji wa Urusi ambako jeshi zima la Kijerumani lilitekwa, muulize kwa adabu: kilirudije nyumbani? Pengine jibu lipo. Lakini swali lazima liulizwe, na anayekasirika kwa kuulizwa amekwisha kukujibu.

Kitabu cha mshahara nakipenda kuliko karatasi nyingine zote, kwa hiyo nivumilie nikikaa hapa kidogo. Ukurasa wa 1 una namba ya kibati cha shingoni, kundi la damu, saizi ya barakoa ya gesi na vyeo alivyopanda. Wa 2 unamweleza mwili wake: urefu, rangi ya macho, nywele, hata saizi ya viatu. Wa 5 una majina na anwani za jamaa zake. Chanjo ziko ukurasa wa 9, hospitali alizolazwa ziko wa 12 na 13, nishani wa 22, na likizo zinaanzia wa 23. Usizisome kurasa hizi moja moja kama orodha. Zisome zikizungumza. Kama ukurasa wa 22 unasema alipewa nishani ya majeruhi, basi kurasa za hospitali ziwe na jeraha kabla ya tarehe hiyo. Kama alipewa ya fedha, kwa kawaida tafuta majeraha matatu au manne. Ya dhahabu, matano na kuendelea. Nyeusi ni kwa jeraha la kwanza na la pili. Kama alikuwa likizo nyumbani wiki ambayo hati inadai alikuwa akishambulia mahandaki Urusi, kuna mtu ameongeza kitu.

Nina kitabu kimoja ambacho ukurasa wa jamaa umenikalisha usiku mzima. Anwani ya mke imekatwa kwa mstari mara tatu. Ya kwanza ni ya mtaa wa Hamburg hapa hapa, na ilikatwa Agosti 1943, wiki chache baada ya mabomu ya mwisho wa Julai kuunguza sehemu kubwa ya mji. Kila anwani inayofuata iko mbali zaidi na mji. Hakuna mtu aliyekaa akaandika kisa cha mwanamke yule, ila karani wa kombania aliyekuwa akisahihisha anwani. Kitabu chenyewe hakina nishani hata moja, na niliuziwa kwa bei ndogo kwa sababu hiyo.

Sasa tarehe. Hapa ndipo nilipopoteza fedha zangu za kwanza, na ndipo wageni wengi wanapopotezea. Kuna medali ya vita vya majira ya baridi upande wa Mashariki, yaani dhidi ya Urusi, waliyopewa waliokuwa kule kati ya Novemba 1941 na Aprili 1942. Nilinunua hati yake iliyoandikwa tarehe 20 Aprili 1942. Karatasi nzuri, muhuri safi, na tarehe yenyewe ilinishawishi, maana ni siku ya kuzaliwa Hitler, na nishani nyingi kweli zilitolewa siku hiyo. Nilikaa nayo miezi kadhaa kabla ya kugundua kwamba medali hiyo ilianzishwa tarehe 26 Mei 1942. Hati ilikuwa na umri mkubwa kuliko medali. Aliyeighushi alijua historia kiasi cha kuchagua siku ya sherehe, lakini hakuangalia amri yenyewe.

Tangu hapo nina daftari dogo la tarehe, na nakushauri uwe na lako, uliloandika kwa mkono wako. Msalaba wa Chuma wa vita vya pili ulirudishwa kwa amri ya 1 Septemba 1939. Nishani ya mashambulizi ya askari wa miguu ilianzishwa 20 Desemba 1939. Utepe wa mkono wa koti wenye neno AFRIKA ulikuja 15 Januari 1943, vita vya Afrika Kaskazini vikielekea ukingoni. Ongeza na mabadiliko ya majina ya vikosi: regimenti za kawaida za askari wa miguu ziliitwa Grenadier kuanzia Oktoba 1942, hivyo hati ya 1941 inayotaja Grenadier inahitaji maelezo mazito. Ongeza na mwisho wa vikosi. Jeshi la Sita la Ujerumani lilimalizika Stalingrad tarehe 2 Februari 1943. Hati ya mwezi uliofuata kwa askari wa jeshi hilo inawezekana, kwa sababu majeruhi walisafirishwa kwa ndege na baadaye wakapewa nishani hospitalini. Lakini basi muhuri uwe wa hospitali, wala si wa kikosi kilichokwisha kutekwa.

Mihuri nayo ina lugha yake. Mingi ya wakati wa vita haitaji kikosi kwa jina, ina namba ya posta ya vitani yenye tarakimu tano, iliyowekwa makusudi ili adui asijue nani yuko wapi. Orodha za namba hizo zipo leo, na namba moja iliweza kubadilishiwa kikosi katikati ya vita, kwa hiyo angalia mwaka pia. Kwenye kitabu chenye picha, muhuri lazima uanzie juu ya picha na kumalizikia kwenye ukurasa, na mistari yake iungane. Picha iliyobandikwa upya hujionyesha hapo.

Kuhusu karatasi yenyewe, nunua taa ile wanayokagulia noti bandia madukani. Karatasi za siku hizi zina kemikali za kung'arisha weupe ambazo hazikuwa za kawaida kabla ya vita kwisha. Chini ya taa hutoa mwanga wa buluu, na karatasi ya zamani hubaki bila kung'aa. Kioo cha kukuzia kitakuonyesha vidoti vya rangi vya printa. Geuza hati ya taipu upapase mgongo wake kwa kidole: herufi ziwe zimepiga, zisiwe zimelala tu. Maandishi ya peni yenye kipira nchani kwenye hati ya 1940, iache mezani. Wino wa zambarau uliosambaa pale karatasi ilipopata unyevu ni dalili nzuri, ni penseli ya wino waliyotumia makarani wa wakati ule. Lakini usilevywe na vipimo hivi. Hatari kubwa zaidi ni fomu halisi ya zamani iliyobaki tupu, ambayo mtu ameijaza jana kwa taipu ya zamani. Hiyo taa haitakusaidia. Itakusaidia historia ya kikosi tu, na ndiyo maana nasema usome kwanza.

Kwa sababu hiyo hiyo, kaa mbali na majina makubwa kwa miaka yako ya mwanzo. Sahihi ya Rommel, jemadari wa Wajerumani kule Afrika Kaskazini, inatafutwa na kila mtu, basi na waghushi nao wanaijua. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: hati inayoletwa kwako na hadithi ndefu ya shujaa huwa inatembezwa kwa sababu. Anza na hati za Msalaba wa Heshima wa vita vya kwanza, ulioanzishwa Julai 1934. Waliostahili walipaswa kuomba, na ulitolewa kwa mamilioni ya watu: waliopigana mstari wa mbele, waliotumikia nyuma, na wajane na wazazi wa waliouawa. Hati zake ni nyingi na za bei ndogo, kwa hiyo huna hasara kubwa ukikosea, na zitakuzoesha mihuri na mwandiko. Mwandiko ule wa zamani wa Kijerumani, ambao shule ziliacha kuufundisha mwaka 1941, unajifunza kwa kukaa nao kila siku kidogo. Hakuna njia ya mkato.

Msalaba huo huo ndio unaonifanya nisione karatasi hizi kuwa za Wajerumani peke yao. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, na akiwa bado mtoto alitumikia pamoja na baba yake katika jeshi la kikoloni la Kijerumani vita vya kwanza. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Akabaki huko, akafundisha Kiswahili, akaigiza kwenye filamu. Msalaba wa Heshima ulipotangazwa aliuomba, kama askari mwingine yeyote wa zamani. Alikataliwa. Mwaka 1941 alikamatwa, na tarehe 24 Novemba 1944 akafia kwenye kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Kila ninapoishika hati ya msalaba ule, yenye jina la mwokaji mikate au mkulima fulani aliyejaza fomu na kupewa bila taabu, namkumbuka Mswahili mwenzetu ambaye hati yake haikuandikwa.

Kwa hiyo unapojifunza nishani ilitolewa kwa nini, jifunze mpaka mwisho. Kuna nishani ya 1944 ya kupigana na waliokuwa wakiitwa magenge, yaani wapiganaji wa msituni. Nyuma ya siku za mapigano zilizohesabiwa kwa nishani hiyo kuna vijiji vilivyochomwa na watu wake. Vikosi vya polisi vilivyofuata jeshi Mashariki vilishiriki kuwaua Wayahudi kwa risasi. Ukipata karatasi ya mtu wa vikosi hivyo, usiiite ya shujaa ukiielezea au ukiiuza. Andika kikosi kilikuwa wapi mwezi ule na kilifanya nini, uweke maelezo hayo pamoja na hati ili anayekuja baada yako asianze gizani. Mimi situndiki hata moja ukutani. Na hapa Ujerumani, kuwa na karatasi hizi si kosa, ila kuonyesha hadharani swastika, alama ya Wanazi, nje ya elimu, utafiti na mambo kama hayo ni kosa la jinai. Austria ina sheria kali zaidi. Ifunike alama unapotuma picha.

Ukishapata jina, tafuta. Kumbukumbu za askari wa vita vya pili ziko Berlin, na tangu 2019 ziko chini ya hifadhi ya taifa, Bundesarchiv. Nyaraka za vikosi ziko Freiburg. Majibu huchelewa, omba na usubiri. Kwa vita vya kwanza, hifadhi ya jeshi la Prussia, dola kubwa kuliko zote ndani ya Ujerumani ya wakati ule, iliungua Potsdam kwa mabomu ya Aprili 1945, hivyo kwa askari wa Prussia karatasi uliyoshika inaweza kuwa ndiyo pekee iliyobaki.

Kutunza ni rahisi: mifuko ya poliyesta, mbali na jua na jikoni. Usiilaminishe, usiiguse kwa selotepu, na nailoni laini yenye harufu itavuta wino. Kama uko Pwani, unyevu na wadudu ndio adui zako, basi boksi lifungike vizuri na ulifungue kila mwezi kukagua.

Ombi langu moja zito ni hili: usivunje seti. Wauzaji hugundua kwamba hati tano zikiuzwa moja moja zinaleta zaidi kuliko zikiwa pamoja, na maisha ya mtu yanatawanyika nchi tano kwa mchana mmoja. Nilinunua hati ya Msalaba wa Chuma ya koplo mmoja wa mizinga. Miaka mitatu baadaye, mnada mwingine, nikaona hati ya nishani ya majeruhi yenye jina lile, bateri ile (yaani kikosi kidogo cha mizinga), regimenti ile. Nilipoziweka pamoja mezani, alama ya kutu ya kibanio cha karatasi ililingana kwenye zote mbili. Ya kwanza ina kutu nzito kwa mbele. Ya pili ina kivuli tu cha kutu, hafifu, pande zote mbili, maana yake ilikaa katikati. Basi ipo ya tatu, yenye kutu nzito mgongoni, na bado naitafuta.