Maandamano: barua ya mtendaji haitoshi

SWALI: Sisi wakulima wa korosho wa kata moja hapa Masasi tunadai malipo kwenye chama chetu cha msingi. Jumamosi saa 4 asubuhi tunataka kuandamana hadi ofisi ya mkuu wa wilaya. Mtendaji wa kijiji ameshagonga muhuri barua yetu. Inatosha?

JIBU: Haitoshi. Sheria ya Jeshi la Polisi, Sura ya 322, inataka taarifa ya maandishi imfikie mkuu wa polisi wa eneo lenu si chini ya saa 48 kabla. Ipelekeni Jumatano. Mkiifikisha Alhamisi saa 6 mchana mtakuwa na saa 46 tu, na hapo mmekwama.

Itaje mahali, saa na lengo. "Kudai haki zetu" ni maneno mapana mno. Andikeni "kumkabidhi mkuu wa wilaya barua ya madai ya malipo ya korosho". Ongezeni njia mtakayopita na simu za viongozi wenu. Mwende na nakala mbili, moja mrudi nayo ikiwa na muhuri wa mapokezi, tarehe na saa. Bila nakala hiyo, mtathibitishaje saa 48?

Wengi hudhani lazima wangoje kibali, na inauma kuona watu wakikaa nyumbani kwa kutojua. Mkishatoa taarifa sahihi mnaweza kuendelea, isipokuwa mpokee amri ya kuwazuia. Polisi wanaweza kuitoa wakiridhika kwamba amani itavunjika, usalama wa umma utakuwa hatarini, au lengo si halali. Ikija, itiini, kisha mkate rufaa kwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Mkikaidi, hata mkiwa watatu tu, huo ni mkusanyiko usio halali.

Na mapanga ya shambani yaacheni nyumbani siku hiyo, hata kwa anayepitia njiani tu.

SWALI: Na mwenzetu akikamatwa?

JIBU: Aelezwe sababu, na aruhusiwe kuwasiliana na ndugu au wakili. Ikiwa haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24 na kosa si kubwa, aachiwe kwa dhamana. Dhamana ya polisi hailipiwi. Mdhamini aende na kitambulisho na barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji; hapo ndipo muhuri wake unafanya kazi.