Programu ya picha ya bei nafuu: uliza kwanza inaweka wapi kazi yako

Anayetafuta programu ya picha kwa kawaida huanza na bei, kisha urembo wa vichujio. Anza na swali jingine: lebo, nyota (alama za kupima ubora wa picha) na marekebisho yako yatahifadhiwa wapi? Google ilipoachana na programu yake ya picha, Picasa, mwaka 2016, picha za watu zilibaki salama kwenye kompyuta zao. Kilichotetereka ni mpangilio wa miaka mingi, kwa sababu albamu za Picasa hazikuhamia kirahisi kwenye programu nyingine.

Kupanga na kuhariri ni kazi mbili, wala si lazima zifanywe na programu moja. digiKam hupanga. darktable na RawTherapee hushughulikia faili za RAW, yaani picha ghafi za kamera. GIMP ni ya kufuta doa, kuunganisha picha na kuongeza maandishi. Zote nne ni za bure, na kwa mtu asiyeuza picha zinatosha kabisa. Ubaya wake ni kwamba darktable ina vitufe vingi vya kumtisha mgeni. Mwanzoni shika mwangaza, rangi na kukata kingo tu.

Ukishasakinisha digiKam, fungua mipangilio ya metadata, yaani taarifa zinazoambatana na picha, uhakikishe lebo, nyota na maelezo vinaandikwa ndani ya faili zenyewe. Kwa RAW, chagua viandikwe kwenye faili ya XMP inayokaa kando ya picha. Usipofanya hivyo, vinaweza kubaki kwenye hifadhidata ya programu peke yake.

darktable nayo hutumia XMP. Ukihamisha IMG_2041.CR2 ukaisahau IMG_2041.CR2.xmp, picha itafika bila marekebisho yake. Kwa hiyo hamisha ukiwa ndani ya programu.

Kabla ya kuikabidhi programu yoyote picha zako zote, ijaribu kwa nakala za picha 200. Weka lebo kwenye 10, ifunge, halafu zifungue kwa programu nyingine kama XnView MP. Lebo zisipoonekana, rekebisha mipangilio au tafuta programu nyingine.

Kama ni ya kulipia kila mwezi, zidisha ada kwa 36, yaani miezi ya miaka mitatu, ndipo uilinganishe na ile ya kununua mara moja. Uliza pia: malipo yakikoma, utaweza bado kuhariri, au utabaki kutazama tu?

JPEG hupoteza ubora kidogo kila unapoihariri na kuihifadhi upya. Ukitumia GIMP, hifadhi kazi kama XCF, aina ya faili ya GIMP yenyewe, kisha toa JPEG mwishoni, na faili asili usiiguse.

Jambo la mwisho ni picha zinazojirudia. digiKam huzitafuta kwa kiwango cha kufanana, na ukikishusha sana, picha zilizopigwa mfululizo zitaonekana kama nakala. Zikague moja moja kabla ya kufuta. Mara nyingi ile ambayo mtu hajafumba macho imo humo.