Uliza Ujibiwe: Nisomee Airbus au nianze na Caravan?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni kijana wa Uyole, Mbeya. Nina leseni ya urubani wa biashara (CPL) ya TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, idhini ya ndege za injini mbili na ya kuruka kwa kutegemea vyombo. Nina saa 215 za kuruka. Mwaka unaisha sijapata kazi. Baba na baba mdogo wako tayari kuuza shamba la parachichi ili nikasomee taipu reitingi (idhini ya kurusha aina moja ya ndege) ya Airbus A320 nje ya nchi. Wakala anasema hiyo ndiyo ndege yenye ajira nyingi kuliko zote. Wenzangu wanataja Boeing 737, wengine ATR ya pangaboi. Nichague ipi?

JIBU: Kijana wetu, shamba lisiuzwe kwanza.

Wakala hajakudanganya kuhusu wingi wa A320 duniani. Alichokunyima ni nusu ya pili: wenye reitingi hiyo bila kazi nao ni wengi. Soma tangazo lolote la ajira hadi chini. Mara nyingi halitaki reitingi tu, linataka na saa mia kadhaa ndani ya aina hiyo hiyo ya ndege. Wewe utarudi na reitingi na saa sifuri. Halafu karatasi hiyo huchacha. Kwa kanuni za Ulaya ni lazima upimwe upya kila mwaka, na gharama ya simuleta (mashine ya kuigiza urukaji), nauli na malazi ni yako. Miaka miwili bila kazi, umelipia mara tatu.

Sasa angalia kinachoruka hapa kwetu. Air Tanzania ina pangaboi za Dash 8 Q400, ina A220-300, 737 MAX 9 na 787-8. Precision Air inatumia ATR 42 na 72. Hakuna A320 hapo. Na hata ndege iliyopo leo kesho hubadilishwa. Watu wa Mbeya wanaikumbuka Fastjet, ilianza Tanzania mwaka 2012 na A319, mwaka 2016 ikahamia Embraer 190. Aliyejilipia Airbus kwa kuwalenga wao alibaki ameishikilia.

Kwa saa 215, kinachokukwamisha si aina ya ndege, ni saa. Pesa ndogo zaidi itakufikisha kwenye Cessna Caravan, ndege inayobeba abiria wa viwanja vidogo na watalii wa mbugani. Injini yake ni PT6, injini ya tabo inayozungusha pangaboi. Humo utajifunza kuwasha injini bila kuiunguza, kupima uzito wa mizigo, na kutua kwenye vumbi lenye upepo wa ubavuni. Ukitokea Songwe au Nduli, viwanja vyote viwili viko juu ya futi 4,000, utaelewa haraka kwa nini ndege iliyojaa hula njia ndefu saa saba mchana kuliko alfajiri. Kiwango cha saa cha kuajiriwa kila kampuni ina chake, na aghalabu mwenye sauti ya mwisho ni bima. Kwa hiyo uliza: “Bima yenu inataka saa ngapi?” Swali hilo litakuokolea barua kumi za maombi. Huku saa zikipanda, maliza mitihani ya ATPL, leseni ya juu ya urubani wa mashirika. Leseni yenyewe itakusubiri ufikishe saa 1,500.

Kama familia imeshikilia kwamba lazima usome reitingi sasa, basi iwe ATR au Q400, na iwe baada ya kuongea na kampuni inayoziendesha. Reitingi ya ATR hufunika 42 na 72, ukiongezewa somo fupi la tofauti kati ya hizo mbili. Q400 ina kasi zaidi, ila ni ndefu: ukiinua pua kupita nyuzi 6 wakati wa kugusa chini, mkia uko hatarini. Kwa Q400, na kwa 737 pia, simuleta zipo Addis Ababa, huhitaji kwenda Ulaya.

Kabla ya kulipa senti, andikia TCAA uulize kama wataiandika reitingi ya chuo hicho kwenye leseni yako, na jibu liwe la maandishi. Kisha muulize mwenye chuo kama bei yake ina mafunzo ya kutua kwa ndege halisi. Hapa ndipo wengi wanapolizwa. Tangazo linataja darasa na simuleta pekee, kumbe anayeingia ndege kubwa kwa mara ya kwanza, kwa kanuni za Ulaya, kwa kawaida anatakiwa atue mara 6 kwa ndege yenyewe. Kukodi ndege hiyo ni bili nyingine. Cheti cha MCC, yaani mafunzo ya kufanya kazi marubani wawili, kipate mapema.

Wengi wanaofeli simuleta hawafeli kwa kukosa kipaji. Huenda hawajakariri mpangilio wa swichi na hatua za dharura, kisha injini moja inazimwa wakati wa kuruka, akili inajaa. Bandika picha ya chumba cha marubani ukutani, kaa kwenye kiti na mwenzako, mpitie kila hatua kwa sauti hadi mikono iende yenyewe.

Na yeyote anayekuuzia “saa 500 za kiti cha kulia”, yaani kiti cha rubani msaidizi, kwa pesa yako, mkimbie. Hiyo ni kumlipa mwajiri akufanyie hisani ya kukutumikisha.

SWALI: Mwanangu amepata kazi. Kampuni itamlipia mafunzo ya ndege lakini inataka asaini kuitumikia miaka mitatu. Asaini? – Mama, Kihesa, Iringa.

JIBU: Mama, kwa kawaida huo ni mkataba mzuri kuliko kujilipia. Mtazame mambo haya tu: deni lipungue kila mwezi anaofanya kazi, lisibaki zima hadi siku ya mwisho, asidaiwe kampuni ikimpunguza au daktari akimzuia kuruka, na iandikwe wazi nini kitatokea akifeli mtihani. Hati ya nyumba isiwekwe rehani.

SWALI: Mwenye reitingi ya A320 anaweza kurusha A220 ya Air Tanzania? – Mwanafunzi, Makambako.

JIBU: Hapana. A220 ilibuniwa na Bombardier ya Canada kwa jina la CSeries, Airbus ikaichukua mwaka 2018 na kuibadilisha jina. Kwenye leseni za Ulaya bado inaandikwa BD500, na mafunzo yake ni ya pekee. Mwenye A320 anaweza kuingia A319 na A321 kwa somo la tofauti.