Maswali ya Wasomaji: Waya Ulioanguka na Ukimya Wake

SWALI: Ndugu Mhariri, jioni moja upepo wa mvua uliangusha mwarobaini wa jirani yetu, nao ukaburuta waya wa umeme kutoka nguzoni hadi uani kwetu. Mtaa mzima ulikuwa gizani, waya haukutoa hata cheche moja, na kijana wetu alikwisha kushika mpini wa jembe ili ausogeze tupate njia. Mzee mmoja alimkataza kwa ukali. Je, kuna namna ya kutambua kwamba waya umekufa? — Mama wa watoto watatu, Ipagala.

JIBU: Mama, mfikishie mzee huyo salamu zetu, kwa maana kwa mtu asiye fundi mwenye kipimo mkononi namna hiyo haipo. Wengi wetu hungojea cheche au mlio, na tukiona kimya tunaamini kwamba fyuzi imekatika, kumbe udongo wa kwetu ndio unaotudanganya. Mvua za Dodoma huanza Novemba au Desemba, zikikuta ardhi iliyokauka tangu Mei, na mvua kubwa ya nusu saa mara nyingi huwa imelowesha juu juu tu. Mchanga mkavu hupitisha umeme kwa shida. Waya ukiulalia, mkondo unaoingia ardhini huweza kuwa mdogo mno kukata fyuzi, na waya ukabaki hapo na umeme wake wote hadi atakapougusa mtu au mbuzi.

Giza la mtaa nalo si ushahidi. Kwenye laini kubwa za kilovolti 11 na 33 huwapo swichi zinazojirudisha zenyewe, ambazo hukata umeme na kuurejesha baada ya sekunde chache ili kujaribu kama hitilafu imeondoka. Tena yupo jirani mwenye jenereta ambaye, kwa kukwepa gharama ya swichi ya kubadilishia, huichomeka kwenye soketi ya ukutani: umeme wake hutoka hadi mtaani, na ukipita kwenye transfoma kinyumenyume hupanda kutoka mamia ya volti hadi maelfu. Jambo hili hufanywa na watu wenye akili zao timamu, nami sijapata kulielewa.

Kuhusu mpini: mti uliolowa mvua na jasho la mikono hupitisha umeme, na kwa laini kubwa hata mti mkavu si kinga. Mwarobaini wenyewe, madhali unaugusa waya, uhesabiwe kuwa ni waya. Kuni zisubiri mafundi wa TANESCO waje, wakate umeme na kutamka kwamba ni salama. Kaeni mita 10 au zaidi, yaani hatua 15 hivi za mtu mzima, na kwa laini kubwa ongezeni. Mtu akijikuta ameshaingia ndani ya eneo hilo asikimbie, kwa kuwa umeme uliosambaa ardhini hupungua kadiri unavyokwenda mbali na waya, hivyo anayepiga hatua ndefu huweka mguu mmoja penye volti nyingi na mwingine penye chache, na tofauti hiyo hupita mwilini mwake. Aibane miguu igusane, kisha aburuze nyayo kidogo kidogo bila kuziinua hadi atoke.

SWALI: Laini inapita kwenye kona ya shamba langu la zabibu. Waya ukikatikia kule, je, naweza kuendelea na kazi upande wa pili? — Mkulima, Mpunguzi.

JIBU: Hapana. Mizabibu yako imetambazwa juu ya nyaya zilizovutwa kutoka mwanzo hadi mwisho wa mstari. Laini ikigusa mmojawapo, anayepogoa mwisho wa mstari huo anaweza kupigwa na umeme bila hata kuiona nguzo iliyoanguka. Uzio wa seng'enge na kamba ya chuma ya kuanikia nguo huleta hatari hiyo hiyo. Ondoka ukipita katikati ya mistari pasipo kushika chochote, mwite na mwenzako, itaarifu TANESCO, na mtu asimame njiani kwa mbali awazuie watoto wanaorudi na mifugo. Moto ukizuka, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.

SWALI: Waya ukiangukia Kirikuu yangu nikiwa ndani, nifanyeje? — Dereva, Nkuhungu.

JIBU: Baki ndani, usiguse bodi, na wapigie kelele wanaokuja kukusaidia wasikaribie. Kinachoweza kukutoa ni moto tu: hapo ruka mbali miguu ikiwa pamoja, usilishike gari na kukanyaga ardhi kwa wakati mmoja, kisha jiburuze kama tulivyokwisha kueleza.

SWALI: Kijijini kwetu aliyepigwa na radi haguswi, eti bado ana umeme. Ni kweli? — Mwalimu, Kongwa.

JIBU: Si kweli, Mwalimu. Radi haiachi umeme mwilini. Mtu huyo ashikwe mara moja, na kama hapumui, akandamizwe katikati ya kifua kwa kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku wengine wakitafuta usafiri wa kumfikisha hospitali. Asiyeguswa ni yule aliyenaswa na waya, mpaka umeme ukatwe.