Mdogo wangu, usiidharau ngumi kwa sababu ya pointi moja

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Kaka, kocha wetu wa taekwondo anatupigisha ngumi nusu saa nzima, na ngumi ni pointi moja tu. Si bora muda huo tupige mateke?" Nimelisoma mara tatu. Swali hilohilo niliwahi kuliuliza mimi, na jibu lake nililipata kwa uchungu.

Hesabu yake ni sahihi. Kwa kanuni za World Taekwondo, shirikisho la dunia la mchezo huu, ngumi ya kifuani ni pointi 1, teke la kifuani 2, la kichwani 3, na teke la kuzunguka 4 au 5. Ngumi ya usoni ni kosa kabisa. Mimi nina miguu mirefu, na mazoezini kila mtu alikuwa akilisifia teke langu la kichwani. Sifa zikanilevya. Zamu ya ngumi ikifika, nilikuwa natimiza wajibu tu.

Nusu fainali nikapangiwa jamaa mfupi, nikajua nimeshapita. Nikainua goti. Hakurudi nyuma kama nilivyozoeshwa na wenzangu, aliingia. Ngumi ikanitua katikati ya kinga ya kifua, mguu wangu mmoja ungali hewani. Haikuuma hata kidogo. Ila kisigino nilichokisimamia kilinyanyuka, mwili ukaenda nyuma, mikono ikatawanyika kutafuta pa kushika, mbavu zikabaki wazi. Teke lake likafuata palepale. Raundi ya kwanza hivyo, ya pili hivyohivyo, nikatoka.

Mpaka leo najiuliza kama ngumi zile zilihesabiwa hata moja. Mateke husomwa na vifaa vya elektroniki, lakini ngumi hungoja waamuzi wa pembeni waione na kubonyeza, na nyingi hupotea hivyo. Yeye hakuzihitaji zihesabiwe. Alizitumia kama ufunguo, mlango ukiwa ni mimi.

Ndugu zangu mnaotaka medali, jina lenyewe la mchezo linasema: tae ni mguu, kwon ni ngumi. Anayechagua nusu asishangae akichapwa na aliyechukua yote. Mikono ndiyo inayokulinda unapoinua mguu. Mikono ndiyo inayokupa nafasi mkikaribiana hadi teke halina pa kupita. Na unapokinga, kunja ngumi! Vidole vilivyo wazi vikikutana na goti au kiwiko vinavunjika. Changu cha mwisho hakijanyooka tena.

Kijana wangu, fanya hivi. Mwombe mwenzako ainue goti kama anayetaka kupiga. Usirudi. Ingia kwa hatua moja fupi, ngumi ya nyuma inyooke kifuani pake, kiuno kikizunguka nayo, mkono mwingine ukibaki juu kukinga. Akiyumba, mguu wa nyuma ufuate kabla hajakanyaga chini. Mimi na mwenzangu tulirudia hatua hiyo moja wiki nzima kabla sijaacha kufumba macho wakati wa kuingia.